Jibu: Kukamatwa ukiendesha na leseni iliyofungiwa kwa ulevi

Ndugu, umeuliza kama ukikamatwa unaendesha huku leseni imefungiwa kwa ulevi utalipa faini tu yaishe. Sivyo. Hilo ni kosa jipya linalojitegemea, hata kama siku hiyo hukugusa pombe. Sehemu nyingi hakimu anaweza kukufunga, kukuongezea muda wa kufungiwa, na gari likazuiliwa. Ukigonga mtu, bima inaweza kugoma kulipa.

Wengi hunaswa hapa: muda umekwisha, wanadhani leseni imejirudisha yenyewe, kumbe ilibidi waombe na kulipia kurejeshewa. Kabla ya kukiri shtaka, chukua nakala ya amri ya kufungiwa, kagua tarehe na kama kweli ulifikishiwa taarifa, umpe wakili. Na mahakamani usiende ukiendesha, tafadhali.