Shangazi, nimechora mapenzi yetu yote. Niyatoe?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Tanga, nafanya kazi kwenye duka la steshenari na nachora. Kwa miaka miwili nilikuwa na mpenzi aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Tulijuana harusini Pangani alipokuja likizo, tukawa pamoja siku 19, akaondoka. Baada ya hapo alirudi mara mbili tu. Simu za WhatsApp kwao zilikuwa hazipiti, kwa hiyo tuliishi kwa kutumiana sauti. Nilichora kila kitu kwenye kaunta buku, na sauti zake nikazinakili neno kwa neno. Sasa zimefika tatu, kurasa 143, na ya chumbani yamo. Mwaka jana tuliachana bila ugomvi, na yeye ameshaoa. Rafiki yangu anasema niitoe hadithi hii Instagram kidogo kidogo, halafu nichape kitabu. Jina lake nimelibadilisha. Lakini kila nikitaka kuweka, mkono unakataa. Ni maisha yangu, Shangazi. Kwa nini nimwombe mtu ruhusa? Nakuambatishia kurasa nne uone.*

*Mwenye Kaunta Buku, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kurasa zako, kwa sababu nilizitazama kabla sijaisoma barua vizuri, na ule wa Ramadhani ulinifanya niweke simu chini. Umechora madirisha mawili. La Muscat limeshaingia giza, mwenzio anatafuna tende na kukutumia sauti. La Tanga bado lina jua, wewe uko jikoni unakoroga uji, midomo imekauka, sikio liko kwenye simu. Mwezi ule Magharibi ya kwao huitangulia ya kwenu kwa zaidi ya saa moja. Mtu anayempenda mtu wa mbali anaijua saa hiyo: yeye ameshashiba, wewe bado una njaa, na mnasema mko pamoja. Hukuandika neno hata moja kwenye ukurasa ule, wala halikuhitajika.

Sisi tulikulia na katuni za kucheka. Baba yangu alikuwa akifungua gazeti la Uhuru amtafute Chakubanga kwanza, na magazeti ya Sani yalipita mikono kumi kabla hayajafungiwa karanga. Mtu kukaa chini akachora moyo wake mwenyewe, ulivyongoja na ulivyoaibika, kwetu si jambo tulilozoea. Kwa hiyo usidhani naichukulia kazi yako kama mchezo wa msichana aliyeachwa. Naichukulia kama kazi.

Na wako waliokutangulia. Kule Chicago kulikuwa na kijana aitwaye Jeffrey Brown, aliyekwenda mjini pale mwaka 2000 kusomea uchoraji wa rangi. Rangi zikamchosha. Akachukua daftari na kalamu ya wino, akaanza kuchora uhusiano wake na msichana aliyekuwa akiishi mbali naye, Florida: safari za kuonana, simu za usiku, kitandani, kununiana, hadi walipoachana. Mwaka 2002 akajichapishia mwenyewe kitabu akakiita Clumsy, baadaye mchapishaji akakichukua. Ukikitazama utadhani kachora mtoto. Mikono imepinda, vichwa vikubwa, mistari inatetemeka. Wala matukio hayafuatani: ukurasa huu wamekumbatiana, unaofuata umerudi siku ya kwanza. Ndivyo mtu anavyokumbuka mapenzi yaliyokwisha, hayarudi kwa tarehe.

Nimekitaja kwa sababu ya jambo moja. Yamo ya chumbani mle, mengi, na hayafichwi. Lakini anayetoka uchi zaidi katika kitabu kile ni mchoraji mwenyewe. Ni yeye anayeng'ang'ania, ndiye anayelia, ndiye anayeuliza kama bado anapendwa. Hakujichora mzuri.

Sasa fanya kazi hii ndogo. Chukua kaunta buku zako tatu, kaa mahali penye utulivu, uhesabu kurasa ambazo wewe ndiye uliyekosea. Usihesabu zile ulizoonewa, wala zile ulizongoja kwa subira. Hesabu zile ulizosema uongo mdogo, ulizomnunia bila sababu, ulizomjaribu kwa kumtaja mwanamume mwingine. Kama katika 143 hazifiki hata kumi, basi hadithi haijaiva bado, na si ya kutolewa kwa mtu yeyote, awe ameruhusu au hajaruhusu.

Umeuliza kwa nini umwombe ruhusa ilhali ni maisha yako. Swali ni la haki, na wengi watakujibu haraka, huyu ndiyo, yule hapana. Mimi nakuomba tuyatenganishe yaliyomo kwenye daftari, maana hayana mwenyewe mmoja.

Njaa yako ile saa ya Magharibi ni yako. Basi la kurudi kutoka Dar baada ya kumsindikiza uwanja wa ndege ni lako. Ule ukurasa wa pili ulionitumia, umeegemea kaunta ya steshenari unasikiliza sauti ya dakika nne, wateja wanabadilika kisanduku kwa kisanduku na wewe husogei, ni wako wote mpaka ile karatasi iliyokwama kwenye mashine ya fotokopi. Kwa hayo hudaiwi ruhusa na mtu, na akikuuliza mtu, mwambie Shangazi amesema.

Maneno yake ni jambo jingine. Umeniandikia kwamba sauti zake umezinakili "neno kwa neno" ndani ya vile viduara vya maneno. Mwanangu, mtu akikuandikia barua, karatasi inakuwa yako ila maandishi yanabaki kuwa yake. Ndivyo hakimiliki inavyokwenda, na kwetu Tanzania iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini hata kama sheria isingekuwepo. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana, na mtu anapokuja kuonana nawe huja kwako, haji kwa mtaa. Mwanamume yule alikaa kwenye chumba cha kupanga cha watu sita, akajifunika shuka kichwani ili wenzake wasimsikie, akasema aliyosema. Hilo umelichora mwenyewe. Ulimchora amejifunika shuka, sasa unataka kulivuta?

Na mwili wake ni wake. Kubadilisha jina hakutoshi, wewe ni mtu wa Tanga, unajua. Harusi ya Pangani, likizo kutoka Muscat, msichana wa steshenari anayechora: kwa vitu vitatu hivi mtaa mzima umeshamjua kabla hujafika kisanduku cha tatu. Ukaweka na lile kovu la begani ulilolichora kwa uangalifu namna ile! Yuko mwanamke ambaye hajaniandikia barua, nami namwona tangu nianze kukujibu. Analijua kovu lile. Atalikuta kwenye simu ya shogaye.

Nakwambia haya kwa kuwa yamenipata. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu, barua zangu kwa mtu aliyekuwa akisoma ng'ambo zilisomwa kwa sauti uani, na mtu niliyemwamini. Hazikuwa na jambo chafu. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nalala na shati lake. Mpaka leo, na nywele zangu hizi, nikisikia wanawake wakicheka uani kwa pamoja huwa nasimama kidogo kabla sijapita.

Upande wa sheria tena, maana rafiki yako amekuhimiza Instagram bila kukwambia: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya mtandao. Utasema yako ni sanaa, nami nitakubaliana nawe. Lakini kurasa zile mbili za chumbani sitaki uzitetee mbele ya mtu asiyejua kutazama picha, na ukishaziweka huchagui nani wa kuzitazama.

Si kwamba naona haya. Zile kurasa ni nzuri, hasa ile ya miguu. Tena naamini undani wa watu wawili haukai kwenye ngozi. Kisanduku kile ambacho mmekaa kitandani mnakata kucha, siku ya mwisho, hamsemi kitu, saa ya ukutani imesimama: pale nimeona undani kuliko kurasa zote za usiku. Hapo hakuna mwili wa mtu uliofunuliwa, na bado nilihisi nimeingia chumba cha watu bila hodi.

Kwa hiyo mwandikie. Mara moja, kwa maandishi, mchana. Usimtumie sauti, sauti yako anaijua na wewe unajua inavyomfanya. Mwambie umechora hadithi ya miaka ile miwili, mwambie yamo mambo gani, yakiwemo ya faragha, mwambie unataka kuyatoa yapi, na umuulize yapi hataki. Usimpelekee picha za kurasa kwenye simu, simu ya mtu aliyeoa si sanduku lenye kufuli. Akitaka kuona, atasema aonyeshwe vipi. Barua isizidi mistari kumi. Ukijikuta umeandika "unakumbuka", futa.

Akikubali, shukuru na uheshimu mipaka atakayoiweka. Akikataa, kurasa za mwili wake na maneno yake zinabaki kwenye kaunta buku, na hadithi unayo bado, tena kubwa. Asipojibu, kunyamaza kwake si ruhusa. Wako wanaojiambia kimya ni ridhaa, usiwe mmoja wao.

Wako pia waliochorwa wakapata kalamu nao. Cleveland, hukohuko Marekani, kulikuwa na karani wa hospitali, Harvey Pekar, aliyekuwa hajui kuchora. Aliandika maisha yake ya kila siku, akaweka vijitu vya mistari, wengine wakamchorea, na tangu 1976 akawa anajichapishia mwenyewe jarida lake, American Splendor. Mwanamke wa Delaware, Joyce Brabner, alimwandikia barua akitafuta toleo moja ambalo hakuwa amelipata. Zikafuata barua na simu, kisha ndoa. Joyce akaingia kwenye kurasa za mumewe, na mwaka 1994 wakatoa kitabu walichokiandika pamoja juu ya mwaka Harvey alipougua saratani. Wa kwako hatapata kalamu. Ameshakwenda zake. Ndiyo maana mkono wako unakataa, na naomba uusikilize, una akili kuliko rafiki yako.

Limebaki moja, na nimelipima mara mbili kama nikwambie. Katika barua yako nzima hukutaja hata mara moja ungependa nani asome. Hukutaja wasichana wenzako walio na watu Muscat, Doha na Dubai, na wako tele Tanga hapo. Lakini kurasa zote nne zinamtazama yeye. Kila kisanduku umesimama umegeukia upande alioko. Nadhani unataka aione, ajue ulivyongoja. Kama ni hivyo, usimpitishie ujumbe ule kwa watu elfu mbili wa Instagram ndipo umfikie. Ile barua ya mistari kumi itakuwa imeshamfikia, na pengine baada ya hapo hamu ya kuitoa hadithi itapungua. Au itabaki, lakini utakuwa unawachorea wale wasichana sasa. Utaijua tofauti: utaanza kueleza vitu ambavyo yeye alikuwa akivijua.

Kaunta buku usizichane wala usizichome, hata ukiwa na hasira, hata ukipata mchumba kesho. Zifunge kwa kitambaa, weka mbali na unyevu, wino wa kalamu za kawaida hauipendi hewa ya Tanga. Na endelea kuchora. Mama yako, kwa mfano, yuko kwenye ule ukurasa wa Ramadhani, amegeuza mgongo, anajifanya hasikii. Natamani kuuona uso wake.

Zile kurasa mbili za chumbani nimezifuta kwenye simu yangu usiku uleule, baada ya kuzitazama mara moja. Hukunikataza, lakini mwenzio hakuniruhusu. Ule wa steshenari na ule wa Ramadhani ninao bado. Ukisema nazo nizifute, nitazifuta.

Shangazi yako