Usifunge ukurasa wako wa picha: jibu refu kwa aliyeuliza kuhusu uzamili Kampala

Mkuu wa Mwanza, swali lako nimelisoma. Umepata nafasi ya uzamili wa biolojia hapa Kampala, umeambiwa utasimamia vitendo vya mwaka wa kwanza, na una ukurasa wa picha za mimea na ndege ambao ndugu zako wanataka uufunge mpaka umalize. Wadau wote waliotangulia hapo juu wamesema funga. Mimi nasema usifunge, ila ubadilishe kazi yake. Mimi ni mtu wa Bukoba, nasoma mimea ya maeneo oevu na vitendo nasimamia, kwa hiyo naongea ninachokiishi.

Tuanze na kufundisha, maana ndiko kunakotisha watu. Saa za maabara hazina shida, zinapita. Kinachokula usiku wako ni kusahihisha. Mwanafunzi mgeni huchora alichokiona kitabuni, hata kama chini ya darubini yake kuna uchafu tu na kiputo cha hewa. Unaletewa rundo la michoro ya penseli, misafi, imenyooka, na mishale imeandikwa vizuri kabisa, na huna namna ya kujua nani alitazama na nani alinakili kwa jirani.

Hapo ndipo simu iliponiokoa. Nina somo moja la shina la mafunjo (papyrus) ambalo nalipenda kupita kiasi. Ukilikata kwa wembe kukingama unapata pembetatu, na ndani yake vitundu vimejipanga mpaka kwenye ganda. Hizo ni nafasi za hewa, ndizo zinazopeleka oksijeni chini kwenye mizizi iliyozama topeni. Mwanzoni wanakata vipande vinene kama chapati, mwanga haupiti, wanalalamika darubini mbovu. Wakipata kipande chembamba nawaambia waegemeze viwiko mezani, washushe simu taratibu juu ya lenzi ya kutazamia. Kwanza giza, halafu duara jeupe linarukaruka, halafu linatulia, bonyeza. Mchoro unaletwa pamoja na picha yake. Sasa mtu akinichorea vitundu mviringo, safi, wakati picha yake inaonyesha kimoja kimechanwa na wembe, tunaongea. Na picha mbili zenye mchaniko uleule hazihitaji maelezo. Waambie watume kwenye WhatsApp kama faili, si kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na ukikuza huoni kitu.

Kwa nini mafunjo? Kwa sababu hapa si mmea wa kitabuni. Majitaka mengi ya Kampala hupitia kinamasi cha mafunjo cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji huvutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo. Darasa likishaelewa hilo, hakuna anayesinzia. Picha ninazorusha mtandaoni zinatoka humo humo kwenye somo: shina, kichwa cha mafunjo asubuhi, ndago zilizobanwa katikati ya kurasa za Bukedde zikisubiri kupelekwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. (Bukedde ni gazeti la Kiganda, karatasi yake inanyonya maji vizuri. Ukitaka ugomvi na mwenye chumba mwenzako, banie majani kwenye ukurasa wa michezo ambao hajausoma.)

Kwa hiyo ukurasa wako uache kuwa wa kusubiri sifa, uwe ghala la kazi. Za mimea na ndege zipeleke iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, kule watu wanaojua watakusaidia kutambua spishi, na mimi nimesahihishwa jina la ndago na mtu ambaye sitakutana naye maishani. Angalia leseni: ukijiunga tu, picha zako zinawekwa leseni inayokataza matumizi ya biashara, na Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, hawazipokei zenye sharti hilo. Ukitaka zitumike Wikipedia, badilisha iwe ya kutaja jina la mpiga picha tu. Ni mibonyezo michache kwenye mipangilio.

Mahali ulipopigia picha pia si jambo dogo. Simu nyingi zinaandika viwianishi vya GPS, yaani namba za mahali ulipo, ndani ya picha bila kukuuliza. iNaturalist yenyewe huficha eneo halisi la spishi zilizo hatarini, lakini ukiirusha picha hiyohiyo kwingine hakuna wa kukufichia. Korongo-nyangumi (shoebill) wa kinamasi cha Mabamba hana siri, kila mwenye mtumbwi pale anajua alipo. Kiota cha korongo taji ni habari nyingine. Ndege huyo ndiye nembo ya Uganda, na makinda wake huibwa wakauzwa wafugwe. Kiota sirushi kabisa, hata bila viwianishi.

Sura za wanafunzi nazo sirushi. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, mimi ndiye ninayewapa alama: nikimwomba ruhusa atakataaje? Napiga mikono. Mikono ina mengi, wembe, wino, kucha zenye tope.

Hata mikono haikusalimika, kwa taarifa yako. Shule moja ya sekondari nje kidogo ya jiji, siitaji, ilichukua picha yangu ya mikono imeshika mafunjo ikaichapa kwenye bango la kutafutia wanafunzi, bila jina langu, na juu yake wameandika maabara ni yao. Nikaenda kwa adabu zote, ssebo huku nyabo kule, yaani bwana na bibi kwa Kiganda. Nikajibiwa kwamba kilichoko mtandaoni ni cha wote. Nikawaeleza leseni, wakaniletea soda. Bango likabaki palepale mpaka mvua ikalitoa. Siku hizi naandika jina dogo pembeni ya picha, haizuii wizi ila inampa mwizi kazi.

Mtandao wenyewe: Facebook ilifungwa huku Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, watu wakahamia VPN, programu za kukwepa kizuizi. Kama ukurasa wako uko huko tu, tafuta makao mengine. Bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, baada ya ile ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, kuondolewa. Picha kubwa zipandishe chuoni kwa eduroam, Wi-Fi ya vyuo, alfajiri kabla ya mabweni kuamka. Na weka nakala kwenye diski, maana uchaguzi ule wa 2021 intaneti nzima ilizimwa, na mwenye data kwenye wingu peke yake alibaki anatazama ukuta.

Kiswahili umeuliza. Darasani Kiingereza, sokoni Kiganda. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na mashuleni kinaingia, ila wazee wengine bado wakikisikia wanakumbuka wanajeshi wa enzi za Amin. Salimia kwa Kiganda kwanza, mengine yatafuata. Askari wa getini wengi watakufurahia.

Usipige picha vituo vya jeshi, polisi wala mabwawa ya umeme. Na kibali cha mwanafunzi si kibali cha kazi, kwa hiyo kufundisha kwako kupitie idara yako, usidanganywe na vipindi vya pembeni.

Kamera njoo nayo. Ukipita mpaka wa Mutukula hakikisha una risiti yake, na ukifika Kayabwe kwenye mstari wa ikweta piga picha yako kama watu wote. Kuhusu vyumba vya kupanga mitaa ya Kikoni na Wandegeya fungua uzi mwingine, huo ni ubishi wa siku nzima na wenye nyumba wamo humu.