Mwacheni mwanafizikia apige ngoma zake

Wiki hii mmetuuliza wasomaji hivi: mwanafizikia wa nadharia, mtu ambaye kazi yake ni hesabu na karatasi tu, anahitaji kweli mambo mengine nje ya sayansi au yanamlia muda? Mi nasema anahitaji, tena kuliko watu wengi, ila sababu inayotajwa kila siku siyo.

Inayotajwa kila siku ni kwamba Einstein alipiga fidla ndo maana akagundua uhusianifu, yani nadharia yake kuhusu muda, anga na mvutano. Hapana jamani. Wapiga fidla wako wengi mno duniani. Ni kweli alianza kufundishwa akiwa bado mtoto mdogo, mama yake alikuwa mpiga piano, na Mozart alimpenda mpaka uzeeni, lakini toka alipopata wazo lake la kwanza kuhusu mvutano mwaka 1907 hadi alipoandika milinganyo kamili Novemba 1915 ni miaka 8 ya kukosea na kufuta na kuanza upya, tena ilibidi ajifunze hisabati ambayo hakuwa nayo, rafiki yake Marcel Grossmann ndo akamsaidia hapo. Fidla haikumwandikia hata mstari mmoja.

Sasa angalia kazi yenyewe ilivyo. Mtu wa maabara jioni anazima mashine, anafunga mlango, anaenda zake. Wa nadharia hana cha kuzima, swali analo kichwani, anakula nalo, analala nalo, watu wanaongea naye na yeye hayupo. Alafu jibu lenyewe linaweza kuchukua umri mzima. Peter Higgs, mwanafizikia wa nadharia wa Uingereza, aliandika kuhusu chembe ndogo sana ambayo sasa inaitwa kwa jina lake mwaka 1964, ikaja kutangazwa kwamba imeonekana tarehe 4 Julai 2012, yani miaka 48 mtu anasubiri kujua kama alichoandika kwenye karatasi kipo kweli au hakipo. Hebu fikiria kuishi hivo bila kitu kingine chochote ambacho unaweza kukianza asubuhi na jioni kikawa kimekamilika.

Ndo maana mi huwa namrudia Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyependa kupiga ngoma, na sio kwa zile hadithi za kuchekesha za kufungua makabati ya siri kule Los Alamos, kituo cha Marekani kilikotengenezwa bomu la atomiki. Alipotoka kwenye mradi wa bomu na kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell mwishoni mwa 1945 alikuwa ameishiwa kabisa. Mke wake Arline alikuwa amefariki kwa kifua kikuu Juni mwaka huohuo. Anakaa kufanya utafiti, hamna kitu kinachokuja, akaamini amekwisha. Basi siku moja yuko kantini, mtu akarusha sahani juu kwa mchezo tu, sahani ina nembo ya chuo, ikawa inazunguka huku inayumba, na Feynman akaona kwamba kuzunguka na kuyumba haviendi kwa kasi moja. Akaenda kupiga hesabu, bila mtu kumtuma. Na jibu lake ni zuri sana: kitu bapa cha duara kikiyumba kidogo tu, kuyumba kunaenda karibu mara mbili ya kuzunguka, kwa sababu uzito wake umesambaa kwenye bapa moja na hiyo inafanya ugumu wa kukizungusha kwenye mhimili wa katikati kuwa mara mbili ya ugumu wa kukipindua. Akampelekea Hans Bethe, mwanafizikia mkubwa pale Cornell, Bethe akamuuliza ina umuhimu gani, akajibu haina umuhimu wowote, anafanya kwa sababu inamfurahisha.

Kutoka kwenye ile sahani akaanza kuwaza elektroni inavyozunguka, akarudi kwenye matatizo aliyoyaacha kabla ya vita, na mwenyewe alisema kazi iliyompa Nobeli ilitokana na mchezo ule. Kazi yenyewe kwa ufupi: elektroni inatoa mwanga na kuumeza tena muda wote, na ukijaribu kuhesabu athari ya jambo hilo kwa njia za zamani unapata jibu lisilo na mwisho, yani upuuzi. Mwaka 1947 Willis Lamb na mwenzake wakapima kwenye haidrojeni tofauti ndogo sana ya nishati ambayo hesabu za wakati ule zilisema isiwepo, sasa ikawa lazima mtu apate njia ya kuondoa zile namba zisizo na mwisho. Feynman akaja na michoro yake, mistari minyoofu na mistari ya mawimbi inayokutana kwenye nukta, na kila mchoro unakwambia uandike hesabu gani. Mpaka leo wanafizikia wanaichora.

Lakini hapa nataka tuwe waangalifu. Nobeli ile ya 1965 ilienda kwa watu watatu. Julian Schwinger alifika kwa njia nyingine kabisa, hesabu nzito ndefu, yeye ndiye aliyetoa ile sehemu 0.00116 inayoongezeka kwenye nguvu ya sumaku ya elektroni, na Tomonaga alikuwa ameshaanza njia yake Japani wakati wa vita, mbali na wote. Hakuna kati ya hao wawili aliyehitaji ngoma kama za Feynman. Kwa hiyo anayesema ngoma ndo zilitoa michoro anadanganya watu.

Na hata yale majibu yanayokuja mtu akiwa nje ya ofisi, ukiyachunguza, kazi ilishafanyika kabla. Paul Dirac, mwanafizikia wa nadharia wa Uingereza, alikuwa na kawaida ya kutembea mwendo mrefu kila Jumapili, na hata milima alipanda. Oktoba 1925 alikuwa anahangaika na jambo geni kwenye karatasi ya Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani aliyekuwa anaanzisha fizikia mpya ya atomu, kwamba A mara B sio sawa na B mara A, na Jumapili moja njiani ikamjia kwamba hiyo tofauti inafanana na kitu alichowahi kukisoma kwenye mekanika ya zamani, mabano ya Poisson, aina fulani ya hesabu, ila hakukumbuka vizuri yanaandikwaje. Akakimbilia nyumbani, vitabu vyake havina. Maktaba zimefungwa, Jumapili. Akangoja usiku kucha, asubuhi akaingia maktaba, akakuta ni kweli. Sasa kutembea kulimpa nini? Kulimwachia akili nafasi, lakini yale mabano alikuwa ameshayasoma kitambo. Mwanafizikia Freeman Dyson vilevile, 1948, aliona njia ya Feynman na ya Schwinger ni kitu kimoja akiwa ndani ya basi usiku akivuka jimbo la Nebraska huko Marekani, lakini miezi kabla ya hapo alikuwa amekaa na Schwinger na Feynman akiwasikiliza na kufanya hesabu zao zote mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba burudani haimpi mwanafizikia jibu, inampa nguvu ya kubaki na swali. Feynman alijifunza kuchora akiwa mtu mzima, yeye na msanii Jirayr Zorthian walikubaliana Jumapili moja wafundishane fizikia, nyingine kuchora, na akaendelea nayo mpaka akawa anauza michoro kwa jina la Ofey. Sababu aliyoitoa naipenda mno, alitaka njia ya kuonyesha anavyojisikia akitazama ulimwengu, uzuri wake, kwa sababu milinganyo inasema ulimwengu unafanyaje kazi lakini haisemi mtu anajisikiaje akiujua. Hicho ni kitu fizikia haikuweza kumpa, hata kwa mtu aliyeipenda kama yeye.

Ombi langu kwenu wahariri, mkimhoji mwanafizikia mnaanza na gitaa lake na picha za mlimani, hesabu zake zinapata sentensi moja mwishoni. Feynman mwenyewe aliligusa hili, kwamba akialikwa kupiga ngoma hakuna anayewaambia watazamaji kwamba pia ni mwanafizikia. Safari ijayo muulizeni amekwama wapi na hesabu zake mwaka huu, mpeni ukurasa mzima aeleze, alafu ndo mfike kwenye gitaa.