Freeman Tilden: mkalimani, mfafanuzi au mfasiri wa urithi?

SWALI: Ninaandika makala juu ya Freeman Tilden, Mmarekani anayesifika kwa kanuni za kuwaeleza wageni maana ya hifadhi za taifa na maeneo ya kihistoria. Kwa Kiingereza mtu wa kazi hiyo huitwa "interpreter". Mwenzangu anamwita "mkalimani wa urithi", mimi nimeandika "mfafanuzi". Lipi sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, "mkalimani" liache. Huyo husimama kati ya watu wasioelewana kwa lugha. "Mfafanuzi" liko karibu zaidi, ila Tilden mwenyewe lisingemtosha.

Alikuwa mwandishi wa magazeti na riwaya kabla ya kuanza kuandikia hifadhi za taifa za Marekani miaka ya 1940. Kitabu chake cha 1957 kina kanuni sita. Mojawapo yasema taarifa tupu haitoshi, sharti imfunulie mgeni maana. Nyingine, kwamba lengo kuu si kufundisha bali kuamsha fikra. Chukua mti uitwao General Sherman, kule California. Ukimwambia mgeni una urefu wa mita 84 hivi, umemfafanulia. Ukimwambia kwamba wakati wa Hijra mti huuhuu ulikuwa umekwisha kuishi karne nyingi, atainua kichwa autazame upya.

Neno la kazi hiyo tunalo: tafsiri. Siku hizi tumelibana mno, tukadhani ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine tu. Lakini anayekwenda darsa ya tafsiri msikitini hafuati maneno ya aya peke yake. Anataka kujua ilishuka kwa sababu gani na inamtaka afanye nini. Mahakama nazo hutafsiri sheria, hata iliyoandikwa kwa Kiswahili. Maana hiyo ya kufunua ndiyo ya asili, tangu neno lilipotoka katika Kiarabu.

Mimi ningeandika "kufasiri urithi", na mtu wake "mfasiri wa urithi". Nachagua "kufasiri" kwa kuwa "kutafsiri" limeshikamana mno na vitabu. Lakini mara ya kwanza ongeza: "yaani mwenye kuwafunulia wageni maana ya mahali", msomaji asije akadhani Tilden alikuwa akigeuza maandishi ya lugha nyingine.

Tena, usimwite mwanzilishi wa kazi yenyewe. Enos Mills alikwisha kuwaongoza watu mlimani Longs Peak, Colorado, miongo kadhaa kabla yake. Mwite mwasisi wa kanuni zake.