Jibu: Mtoto wa darasa la pili bado anahesabu kwa vidole, nimkataze?

Mkuu, usimkataze. Mimi nilimkataza wangu na nilikosea.

Alipokuwa darasa la kwanza hapa Arusha, kila akifanya homuweki naona midomo inacheza, mikono iko chini ya meza. Nikawa namgonga vidole kwa rula, "Hesabu kwa kichwa!" Akazidi kuficha, na majibu yakazidi kuharibika. Ile rula inaniuma mpaka leo.

Siku moja nikamwambia aweke mikono mezani nione. 8 jumlisha 5. Akafungua kidole cha kwanza akasema nane, cha pili tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Jibu 12. Kumbe ile nane anaihesabu mara mbili! Kidole cha kwanza kilitakiwa kuwa tisa. Mikono ingebaki chini ya meza nisingejua.

Tukaanza upya. Yeye anainua vidole vinane, mimi vitano. "Vyako vingapi vimelala?" Viwili. Basi mimi nakunja viwili vyangu, yeye anaamsha viwili vyake. Sasa ana kumi kamili, mimi nimebaki na vitatu. Akaangalia mikono yangu, akaangalia yake, akacheka: "Kumi... na tatu!" Neno lenyewe linasema hivyo siku zote, ila yeye alikuwa analiimba tu.

Wanaosema vidole ni uzembe waende mnadani wakaone wazee wa Kimaasai wanavyotaja namba kwa mkono mmoja bila kufungua mdomo, halafu wajaribu kuwapunja. Na Wamakua, sita kwao ni "tano na moja", yaani mkono mzima na kidole cha mkono wa pili. Vidole vilitangulia daftari.

Cha kuangalia kwa mwanao ni hiki: kwenye 8 jumlisha 5, anaanzia moja kila mara? Kama ndiyo, mfundishe kushika namba kubwa kichwani na kufungua vidole vya ile ndogo tu. Wangu ilimchukua kama muhula mzima, na vidole akaviacha mwenyewe kwenye hesabu ndogo ndogo.

Zikivuka 20 vidole havitoshi, tafuta vijiti, funga kumi kumi kwa rababendi. Vizibo vya soda nilijaribu, vyote viliishia uvunguni.