Kukodi boti Sardinia: bakini kaskazini mashariki

Dada, umeuliza kama wiki moja ya Agosti inatosha kuizunguka Sardinia yote, kisiwa cha Italia, kwa boti ya kukodi. Haitoshi, mtashinda safarini tu. Shukieni Olbia, mji wa kaskazini mashariki, kisha mzunguke visiwa vya La Maddalena: Caprera, Spargi, Budelli. Ni hifadhi ya taifa tangu 1994, hivyo boti inahitaji kibali. Mwulize wakala kama kimo kwenye bei, pamoja na mafuta na ada za bandari. Ufuo wa Budelli wenye mchanga wa rangi ya waridi mtautazama kwa mbali, kushuka ni marufuku.

Kikubwa ni upepo wa Maestrale kutoka kaskazini magharibi. Ukivuma, bahari ya Bonifacio, kati ya Sardinia na Corsica, huchafuka vibaya mno. Nahodha akisema msitoke, tafadhali msikilizeni. Mkiweza, sogezeni hadi Septemba; maji bado yana joto na bei hushuka.