Wanaoanza kusoma CT za moyo, asilimia peke yake haimsaidii mtu

Nyie mnaoanza kusoma CT za mishipa ya moyo ngoja niwaambie kitu nilichojifunza kwa kuaibika. Zamani nilikuwa naandika tu "LAD imeziba asilimia 100" (LAD ni ule mshipa mkubwa wa mbele ya moyo), nafunga ripoti, naendelea na mgonjwa mwingine. Siku moja nikapigiwa simu kutoka kathlabu, kile chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo kwa waya, mgonjwa yuko mezani, waya haupiti, daktari ananiuliza hicho kizibo kina urefu gani, chokaa imekaa upande gani, kinaanzia wapi hasa? Nikabaki nababaika, na picha ninazo tangu jana yake.

Ujue yeye kwenye anjiografia, ile eksirei ya mishipa, anaona njia ya dawa ya kuonyesha mishipa tu. Dawa ikigota kwenye kizibo, mbele yake ni giza, labda aone mkia wa mshipa unaojazwa na vijitawi vya upande wa pili. CT inaonyesha mpaka ukuta wa mshipa, kwa hiyo ile sehemu ambayo kwake ni giza wewe unaiona yote. Sasa vitu vinavyosumbua waya vinajulikana, ndo vile vya skoa ya J-CTO (alama za kupima ugumu wa kuzibua mshipa ulioziba kabisa kwa muda mrefu): mwanzo wa kizibo ulio butu badala ya kuchongoka, chokaa, kona inayozidi digrii 45, urefu wa kuanzia milimita 20, na kama kuna mtu alishajaribu kuzibua akashindwa. Vinne vya mwanzo unavyo kwenye skrini hapo, cha tano kiko kwenye faili. Viandike.

Chokaa ndo inataka utulie. Usiishie kusema "ipo nyingi", kata mshipa kwa upana uangalie imezunguka kiasi gani, maana ikiwa kipande cha upande mmoja huenda puto la kawaida likatosha, lakini ikizunguka kama pete jamaa inabidi ajiandae mapema na kifaa cha kuisaga au puto la mawimbi la kuipasua, kwa sababu stenti (kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi) ukiifungulia ndani ya pete ngumu haitanuki vizuri na ikishakaa hivyo kuirekebisha ni kazi kwelikweli. Halafu chokaa ni kigeugeu, kwenye picha inavimba kuliko ilivyo, na mshipa wenyewe ni milimita 3 hivi, kwa hiyo kauvimbe kadogo tu kanakufanya uandike umebana sana kumbe wapi. Panua windo ya picha (ule mpangilio wa mwanga na weusi kwenye skrini) kabla hujahukumu.

Ile picha nzuri ambayo kompyuta inaunyoosha mshipa kama uzi, mimi siiamini peke yake. Mstari wa katikati ukichepuka kidogo tu kwenye kona unatengenezewa mbano ambao haupo. Nimeshaingia mkenge huo mara mbili. Rudi kwenye slaisi zenyewe, kila mara.

Ila yote haya hayana maana kama picha ni mbovu, na picha mbovu inaanzia kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine. Mapigo yashuke, 60 kwa dakika au chini yake ndo raha. Nitrogliserini chini ya ulimi inatanua mishipa ionekane vizuri, ila muulize kwanza kama ametumia sildenafili (Viagra) au dawa za jamii yake siku hizi za karibuni, na umuulize faragha, mbele za watu atakataa tu, na hizo dawa mbili zikikutana presha inaporomoka vibaya. Mfanyishe mazoezi ya kushika pumzi mara mbili tatu, wengi ukiwaambia "shika" wanavuta pumzi mpaka mabega yanapanda.

Kingine watu wanasahau pembe ya kupigia picha kule kathlabu. Zungusha moyo kwenye skrini mpaka tawi lisilalie jingine, andika digrii, wakifika mezani wanaanzia hapo badala ya kubahatisha huku wakimwongezea mgonjwa dawa na mionzi. Na kama mbano ni wa wastani hivi, FFR ya CT (namba inayokokotolewa kutoka kwenye picha kuonyesha mbano unazuia damu kiasi gani) ikiwepo iangaliwe, ikiwa juu ya 0.80 mara nyingi stenti haina haraka.

Na picha ikiwa imetikisika pale pale penye kizibo, andika imetikisika, urefu haupimiki. Usibuni. Kuna mtu atachagua waya kwa kufuata hiyo namba yako.